Amana ya Picha

Kila kitu akusanyacho mwanadamu humdai mpango. Nafaka hudai ghala, fedha hudai daftari, vitabu hudai rafu, na maneno hudai sarufi. Asiyelipa deni hili hupoteza alichokusanya hali angali nacho mkononi, maana kitu kisichopatikana wakati wa haja hakitofautiani sana na kitu kisichokuwapo. Wahenga walilisema jambo hili kwa ufupi waliponena kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hiyo yaelekea dukani, walakini leo yafaa vile vile kwa mali nyingine, ambayo imejaa katika nyumba za watu kuliko ilivyopata kujaa katika zama zozote zilizopita. Mali hiyo ni picha.

Zamani kupigwa picha kulikuwa jambo la shauri na matayarisho. Mtu wa Unguja aliyetaka sura yake ibaki alichagua siku, akavaa nguo njema, akaenda kwa fundi kama Ranchhod Oza, aliyefungua Capital Art Studio mwaka 1930, akaketi mbele ya pazia, akalipa, akangoja. Hata kamera ndogo zilipoingia katika mikono ya watu wengi, mkanda mmoja wa filamu ulitoa picha 24 au 36 tu, na kila moja ilikuwa na gharama ya kusafishwa na kuchapwa. Uhaba ulikuwa mwalimu mkali. Ulimlazimisha mtu kuchagua kabla ya kufyatua, ukamlazimisha tena kuchagua ipi itiwe katika albamu na ipi ibaki katika bahasha. Nyuma ya karatasi palikuwa na nafasi nyeupe, na mkono wa baba au wa mama uliandika hapo majina, mahali na tarehe. Kwa hiyo kuchagua, kupanga na kutaja vilikwenda pamoja, wala hapakuwa na haja ya kuvifanyia falsafa.

Mabadiliko yalianza katika maabara, mbali na macho ya watu. Mwaka 1957 mtaalamu wa Marekani, Russell Kirsch, pamoja na wenzake, waliingiza katika kompyuta picha ya mwanawe mchanga. Picha hiyo ilikuwa na nukta 176 kwa 176 tu. Mwaka 1975 Steven Sasson, mhandisi wa kampuni ya Kodak, aliunda kamera isiyohitaji filamu, nayo ilitumia sekunde 23 kuandika picha moja katika ukanda wa kaseti. Mwaka 1992 ilithibitishwa kanuni ya kubana picha iitwayo JPEG, ikawezekana picha nyingi kukaa mahali padogo. Kisha kamera iliingia katika simu, na simu ikaingia katika mfuko wa kila mtu. Uhaba ukafa, na mwalimu yule mkali akazikwa pamoja nao. Leo nyumba moja yaweza kupata katika siku moja ya harusi picha nyingi kuliko alizopata babu wa nyumba hiyo katika umri wake wote.

Picha hizo huishia wapi? Aghalabu huishia katika kompyuta ya nyumbani, zikiwa zimemiminwa humo kutoka katika simu tatu, kamera moja kuukuu na mashine ya kunakili karatasi. Majina yake si majina. Kanuni iliyowekwa Japani mwaka 1998 kwa watengenezaji wa kamera iliagiza kila picha iwe na herufi nne na tarakimu nne, kuanzia 0001 mpaka 9999. Hesabu ikifika mwisho hurudi ilikoanza. Basi huwezekana katika nyumba moja picha ya mtoto aliyezaliwa na picha ya maziko ya nyanya yake zikaitwa jina moja, IMG_0412 na IMG_0412, kama kwamba kuja duniani na kuondoka ni habari moja. Mtu akizimimina zote katika folda moja, kompyuta humwuliza kama ile ya kwanza ifutwe na ya pili ichukue mahali pake. Mkono wenye haraka hukubali. Hivyo picha moja hufa bila tanzia.

Ni haki kuuliza basi: je, kupanga picha hizi ni kazi ya nyumbani tu, mfano wa kufagia ua na kukunja nguo, au ni jambo lenye wajibu ndani yake? Maoni mawili hupingana hapa. Oni la kwanza husema kuwa picha ni mali ya mwenye kompyuta. Akizipanga ni hiari yake, akizitupa ni hiari yake, na akiziacha zilale ovyo hakuna aliyedhulumiwa. Oni la pili husema kuwa picha ni amana, yaani kitu ambacho mtu amekishika kwa ajili ya wengine, na mshika amana hana ruhusa ya kufanya kila apendalo.

Oni la kwanza lina nguvu ya wazi. Kompyuta ilinunuliwa kwa fedha za mtu, umeme hulipwa na mtu huyo, na sheria za nchi nyingi humtambua aliyepiga picha kuwa mwenye haki juu yake. Walakini likichunguzwa huonekana limesahau jambo moja. Picha ya mtu haikufanywa na mtu mmoja. Yuko aliyepiga, na yuko aliyepigwa, ambaye alitoa uso wake, na uso si kitu ambacho mtu anacho viwili. Yuko tena wa tatu ambaye hajafika: mtoto, mjukuu, au mgeni wa baadaye atakayeitazama ili ajue alikotoka. Mali ya kawaida ina mwenyewe mmoja na majirani wengi. Picha ina mwenyewe mmoja na wenye haki wengi. Kwa sababu hii neno mali halienei, na neno amana hukaribia zaidi ukweli.

Ikiwa picha ni amana, yafaa kutazama kazi ya kupanga ilivyo hasa. Mpango wa kuweka faili ndani ya folda, na folda ndani ya folda nyingine mithili ya matawi ya mti, ulielezwa mwaka 1965 kwa ajili ya mfumo wa kompyuta ulioitwa Multics. Na mwaka 1981 mashine iliyoitwa Xerox Star iliwaonyesha watu folda hizo kwa sura ya majalada ya karatasi kama yale ya ofisini. Mfano huo ulikuwa wa busara, kwa kuwa kila karani aliufahamu. Lakini pamoja na faida ya jalada kulikuja na upungufu wake. Karatasi moja haiwezi kukaa katika majalada mawili. Kadhalika faili moja, kwa desturi, hukaa katika folda moja.

Upungufu huu mdogo ndio mlango wa swali kubwa. Chukua picha moja ya harusi. Katikati wamesimama bwana na bibi harusi. Kulia ameketi bibi kizee, mama mzaa mama, na hiyo ilikuwa picha yake ya mwisho kabla ya kufa. Nyuma yaonekana nyumba ya zamani ya ukoo, ambayo ilibomolewa mwaka uliofuata. Je, picha hii iwekwe katika folda ya harusi, au ya bibi, au ya nyumba? Picha haikusema. Mtu atasema, na atakaposema atakuwa ametoa hukumu juu ya kilicho kiini na kilicho pembeni. Akiiweka kwenye harusi, mjukuu atakayetafuta sura ya bibi yake ataifungua folda ya bibi asiikute. Akinakili mara tatu, atapata faili tatu ambazo kesho zitatofautiana, moja ikiwa imekatwa, moja imetiwa rangi, na ya tatu imesahauliwa. Kila jina la folda ni sentensi fupi isemayo: hili ndilo jambo lenyewe, na mengine yaliyomo yamelifuata tu.

Hukumu za namna hii hazikuanza na kompyuta. Melvil Dewey, mkutubi wa Marekani, alipotoa mwaka 1876 mpango wake wa kupanga vitabu, aligawa elimu yote katika mafungu kumi makuu. Fungu la 200 lilikuwa la dini. Ndani yake Ukristo ulipewa nafasi kubwa, na dini nyingine zote za dunia zikasongamana katika 290, Uislamu ukiwekwa katika 297. Yamkini mpangaji hakukusudia kumdhulumu mtu. Alipanga vitabu vya maktaba kama vilivyoonekana kutoka mahali aliposimama. Lakini rafu iliyojengwa kwa macho ya mtu mmoja iliwafundisha maelfu ya wasomaji mahali dunia ilipo na katikati yake. Mpango hufundisha hata pale mpangaji asipokusudia kuwa mwalimu.

Afrika Mashariki ina ushahidi wake wenyewe. Chuo Kikuu cha Northwestern huko Marekani kina makusanyo ya Winterton, yenye picha zaidi ya 7,000 za nchi hizi kuanzia mwaka 1860 mpaka 1960. Katika makusanyo ya zama za ukoloni yaliyotawanyika katika maktaba za Ulaya na Marekani, msomaji hukutana mara nyingi na kawaida moja. Gavana hutajwa kwa jina lake na cheo chake. Mchukuzi aliyebeba sanduku la gavana hutajwa kwa kazi yake, na mwanamke aliyesimama mlangoni hutajwa kwa kabila lake. Wote watatu walisimama mbele ya kamera moja, chini ya jua moja. Mmoja alitoka humo akiwa mtu, na wawili walitoka humo wakiwa mifano ya aina fulani ya watu. Leo mjukuu wa mchukuzi aweza kumtazama babu yake uso kwa uso asimjue. Hasara hiyo haikuletwa na kamera, kwa kuwa kamera iliwapokea wote sawa. Ililetwa na kalamu iliyoandika chini ya picha.

Ni rahisi kumlaumu karani wa zamani. Ni vigumu zaidi kuitazama kompyuta iliyo sebuleni. Katika nyumba nyingi za mijini yumo dada wa kazi ambaye amemlea mtoto tangu alipoanza kutambaa. Yumo katika picha mia mbili: amembeba mtoto siku ya kuzaliwa kwake, amemshika mkono siku ya kwanza ya shule, amesimama nusu katika ukingo wa picha akishika mkoba. Folda zina jina la mtoto, jina la shule na jina la mji ambako familia ilikwenda kupumzika. Jina la dada halimo mahali popote. Alipoondoka, jina lake liliondoka naye. Miaka ishirini baadaye mtoto aliyekuwa mikononi mwake atauliza: ni nani huyu aliyenibeba? Nyumba itanyamaza, au itajibu kuwa alikuwa mmoja wa wasichana wa kazi. Jibu hilo halina tofauti na lile la karani wa gavana. Wenye nyumba hawakufanya ubaya wowote. Walikosa tu kuandika neno moja. Lakini dhuluma nyingi za dunia zimefanyika hivi hivi, kwa neno moja ambalo hakuna aliyeona haja ya kuliandika.

Basi picha zipangwe kwa msingi gani? Misingi minne huwania nafasi: wakati, mahali, mtu na tukio. Mtu ni msingi wenye upendo lakini una upendeleo, kwa kuwa huwapa folda wale wapendwao na kuwaacha wengine bila makao. Tukio ni msingi unaovutia lakini hukumbuka sherehe na kusahau siku za kawaida, ilhali maisha zaidi hupita katika siku za kawaida. Mahali ni msingi imara, lakini mtu aliyeishi mahali pamoja hatapata faida yake. Wakati ndio msingi mnyenyekevu kupita yote. Haujui tajiri wala maskini, haumpendelei bwana harusi kuliko mpishi, na kila picha ina siku moja tu iliyopigwa. Kanuni ya kimataifa iitwayo ISO 8601, iliyotolewa mwaka 1988, huagiza tarehe iandikwe kwa kutanguliza mwaka, kisha mwezi, kisha siku. Na faida yake katika kompyuta ni kwamba folda zilizoandikwa hivyo hujipanga zenyewe kwa utaratibu wa miaka bila msaada wa mtu.

Hata hivyo wakati nao ni shahidi wa kuhojiwa. Picha ya kidijitali hubeba ndani yake maelezo yaliyofichika: tarehe, saa, aina ya kamera, na pengine hata mahali iliposimama kamera. Maelezo haya hutegemea saa ya kamera, na saa ambayo haikurekebishwa husema uongo kwa unyofu mkubwa. Picha ya karatasi ya mwaka 1958 iliyonakiliwa mwaka 2019 yaweza kutiwa na mashine tarehe ya mwaka 2019, kama kwamba babu alifufuka akapigwa picha. Picha iliyopitishwa katika WhatsApp huvuliwa maelezo yake ya asili, ikapewa jina lenye siku iliyosafiri badala ya siku iliyozaliwa. Kwa hiyo mpangaji mwaminifu haamini tarehe kwa kuwa mashine imeitaja. Huuliza, hulinganisha, na pale asipoweza kujua huandika neno la uaminifu: karibu na mwaka 1958. Neno karibu ni dogo, lakini hulinda ukweli kuliko tarehe kamili iliyobuniwa. Kwa folda, basi, mwaka na mwezi vitangulie, mahali na jambo vifuate. Kwa majina ya watu yafaa yaandikwe katika maelezo ya picha yenyewe, ambako wote waliomo, aliyealikwa na aliyetumwa, waweza kutajwa pamoja bila kugombea folda.

Hapa atatokea mpinzani aliyejaa habari za leo. Atasema kuwa taabu yote hii ni ya bure, kwa sababu siku hizi programu hutambua nyuso, hukusanya picha za mtu mmoja mahali pamoja, na hutafuta mbuzi, bahari au keki kwa neno moja. Hoja hii haifai kudharauliwa. Programu hizo huwasaidia wengi, na mtu mwenye picha elfu ishirini hawezi kuzipitia zote kwa mkono. Lakini mambo matatu yafaa yawekwe mbele ya mpinzani huyo. La kwanza ni kwamba mashine hurithi macho ya waliyoifundisha. Mwaka 2015 programu mashuhuri ya kupanga picha huko Marekani iliwatia watu wawili weusi katika fungu lililoandikwa kuwa ni la masokwe. Kampuni iliomba radhi, na katika kurekebisha ikaliondoa jina hilo la mnyama kabisa. Mwaka 2018 watafiti Joy Buolamwini na Timnit Gebru walipima programu tatu za kutambua jinsia ya mtu kwa uso, wakaona kuwa kosa lilifika asilimia 34.7 kwa wanawake weusi, ilhali kwa wanaume weupe halikuzidi asilimia 0.8. Karani wa zamani, kumbe, hakustaafu; amepewa mashine.

Jambo la pili ni kwamba ghala la mtu mwingine lina masharti ya mtu mwingine. Huduma ya Google Photos ilipoanza mwaka 2015 ilitoa nafasi bila kikomo na bila malipo kwa picha zilizobanwa. Tarehe 1 Juni 2021 ruhusa hiyo ilikoma kwa picha mpya. Hapakuwa na hila katika jambo hilo, maana mwenye ghala ana haki ya kubadili bei. Lakini aliyemwachia mwenzake kukumbuka yafaa ajue kuwa kumbukumbu yake imepangishwa. La tatu ndilo kubwa zaidi. Hata mashine ikiwa kamili, isiyokosea uso hata mmoja, itajua kufanana wala haitajua kuhusiana. Itasema uso huu na uso ule ni wa mtu mmoja. Haitasema kuwa huyu ndiye aliyemlipia yule ada ya shule, kuwa hawa wawili hawakusemezana kwa miaka kumi na siku hii ndiyo waliyopatana, wala kuwa aliyekosekana katika picha zote ni mama, kwa sababu yeye ndiye aliyeshika kamera. Mambo haya hayamo katika nukta za picha. Yamo katika vichwa vya watu.

Baada ya kupanga huja swali gumu la kufuta. Wako wanaotunza kila kitu, picha arubaini za keki moja na kumi na mbili za kidole kilichoziba lenzi, wakidhani kuwa huo ndio uaminifu. Kutunza yote mara nyingi ni namna ya kukimbia kuhukumu. Kazi ya kuchagua iliyomtisha mzazi hurithiwa na mtoto ikiwa imekua mara mia, na mtoto aliyerithi picha elfu themanini zisizochaguliwa amerithi msitu, hakurithi shamba. Kupogoa mti si kuuchukia. Picha tatu njema za keki zatosha, na thelathini na saba zikiondoka hakuna haki ya mtu iliyoondoka pamoja nazo.

Lakini kufuta kitu ni jambo moja na kufuta mtu ni jambo jingine. Ndoa huvunjika, ndugu hugombana, na mkono wenye uchungu huenda moja kwa moja kwenye folda za mwaka fulani. Mama aliyeachwa ana haki ya kutolazimika kuuona uso uliomwumiza. Haki hiyo ni ya macho yake. Haifiki kwenye nasaba ya watoto wake, ambao uso ule ni nusu ya uso wao. Hapa busara hutenga kuficha na kufuta. Folda yaweza kutolewa katika kompyuta ya kila siku, ikawekwa katika diski ya pembeni, ikakabidhiwa kwa shangazi au mjomba mwenye siri. Hasira hupata nafasi ya kupoa, na mtoto hupata siku moja ya kuuliza. Aliyeficha aweza kufichua. Aliyefuta hana la kufanya ila kusimulia, na msimulizi mwenye uchungu ni nadra kuwa shahidi mwema.

Kwa upande mwingine ziko picha ambazo wajibu wake ni kufutwa. Mgonjwa aliyepigwa picha kitandani akiwa hana nguvu ya kukataa, mlevi aliyechekwa, mtoto aliyepigwa akioga, maiti aliyefunuliwa uso na jamaa mwenye pupa ya kupeleka habari: hawa wote wana haki iitwayo sitara, na haki hiyo haikomi kwa ugonjwa wala kwa kifo. Mtu aliyeaminiwa na wenzake hakupewa sura zao zote. Alipewa zile ambazo wao wenyewe wangekubali zionekane. Kipimo si kigumu. Mwenye picha na ajiulize kama angeifungua folda hiyo mbele ya mwenye uso akiwa ameketi kando yake. Ikiwa mkono wake ungesita, basi na usite sasa, na picha iondoke. Amana ina pande mbili, kutunza na kusitiri, na mshika amana anayejua upande mmoja tu ni nusu ya mwaminifu.

Limebaki jambo la kudumu. Husemwa kuwa akiba haiozi, lakini akiba hii huoza. Diski hufa ghafula bila kuugua, simu huibiwa, nyumba huungua, na nywila huzikwa pamoja na aliyeijua. Peter Krogh, mpiga picha wa Marekani, alieneza kanuni iliyo rahisi kukumbukwa: nakala tatu, katika vyombo vya aina mbili, na moja kati yake ikae nje ya nyumba. Kanuni hiyo yatosha kwa picha. Kwa picha, kwa hakika, dawa ya upotevu imekwisha patikana, kwa kuwa faili yaweza kunakiliwa mara elfu moja bila kupungua hata nukta.

Kisichoweza kunakiliwa hivyo ni jina. Picha ya mwaka 1958 yaweza kuwamo katika kompyuta sita za wajukuu sita, nzuri, safi, yenye watu tisa waliosimama chini ya mwembe. Majina ya watu hao tisa yamo katika kichwa kimoja tu, cha bibi kizee mwenye miaka 84, na kichwa hicho hakina nakala. Hapa ndipo wajibu wa kupanga picha unapopata haraka yake. Watu hununua diski kubwa zaidi kila mwaka kwa hofu ya kupoteza picha, ilhali kinachopotea kila msiba ni majina. Alasiri moja ya kuketi na mzee mbele ya kioo cha kompyuta, mmoja akionyesha kwa kidole na mwingine akiandika, yaweza kuokoa zaidi ya diski kumi. Ataulizwa: huyu ni nani, na huyu aliyekaa chini, na huyu aliyebeba maji? Swali la mwisho ndilo lenye kuhitaji subira zaidi, maana mara ya kwanza mzee atajibu kuwa alikuwa mtu wa kazi tu. Mwandishi na angoje. Baada ya kitambo jina huja.

Kwa hiyo kupanga picha katika folda ni kazi ndogo kwa mkono na kubwa kwa dhamiri. Mwenye kuifanya hahitaji elimu nyingi ya mashine. Huhitaji mwaka ulioandikwa mbele, mahali na jambo vilivyotajwa kwa maneno ya kawaida, shaka iliyokiriwa pale ilipo, sitara kwa waliodhoofika, na majina ya wote waliomo bila kutazama nani alivaa vizuri. Akifanya hayo atakuwa ameirudisha nafasi nyeupe iliyokuwa nyuma ya karatasi. Na yule dada aliyesimama nusu katika ukingo wa picha, akishika mkoba wa mtoto asiyekuwa wake, atakuwa na jina siku mtoto huyo atakapomwuliza.